Stesheni ya Kasese haikuuawa na shaba

Hapa magharibi mwa Uganda kila mtu anayo habari moja: mgodi wa shaba wa Kilembe ulikufa, na reli ya Kasese ikaufuata kaburini. Mimi siikubali, na shahidi wangu ni kalenda. Mgodi ulisimama mwaka 1982, lakini treni ziliendelea kuingia Kasese hadi miaka ya 1990. Marehemu gani huyo aliyetembea zaidi ya miaka kumi baada ya mazishi?

Ni kweli stesheni ile ililetwa na shaba. Reli ilifika Kampala mwaka 1931, na kwa miaka ishirini hakuna aliyeona haja ya kuivuta mbele, ingawa watu wa huku walikuwepo na mazao yao yalikuwepo. Kilichobadili mambo ni madini yaliyo kwenye bonde la mto Nyamwamba, chini ya Rwenzori. Kampuni ya Kanada iliingia na mtaji, na ujenzi ukaanza mwanzoni mwa miaka ya 1950: kupitia Mityana na Kamwenge, kuteremka ukingo wa Bonde la Ufa, kisha kuvuka madimbwi ya mafunjo karibu na Ziwa George. Mwaka 1956 reli ilifika Kasese, na mwaka huohuo Kilembe ikaanza kuzalisha.

Mpangilio wake ulikuwa wa akili sana, lazima nikiri. Shaba ilichujwa Kilembe, ikapakiwa Kasese, ikasafirishwa hadi Jinja kuyeyushwa kwa umeme wa bwawa la Owen Falls lililofunguliwa 1954, kisha ikaendelea kwa reli ileile hadi bandari ya Mombasa. Katika miaka ya 1960 ni kahawa na pamba tu zilizoipita shaba katika mauzo ya nje ya Uganda.

Lakini treni haikubeba shaba peke yake. Ilibeba abiria usiku kucha. Ilibeba wafanyakazi kutoka kila upande, na hao ndio waliojaza kota, soko na misikiti ya Kasese, wakaelewana kwa Kiswahili kwa sababu hakuna aliyekuwa na haki ya kumlazimisha mwenzake lugha ya nyumbani kwao. Mji uliota mwisho wa reli. Mgodi wenyewe uko juu huko bondeni, kilomita kadhaa kutoka stesheni.

Sasa tuulize nani aliyeiua reli. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na shirika la pamoja la reli likagawanywa. Karakana kuu ilibaki Nairobi. Uganda ikaanzisha shirika lake katikati ya utawala wa Amin, na mwaka uliofuata vita na Tanzania. Njia inayopita kwenye madimbwi haisubiri siasa zitulie: usipoikarabati, tuta linatitia, na treni inapunguza mwendo hadi abiria anaona heri basi. Kufa kwa mgodi kuliondoa mteja mkubwa, sawa. Aliyeacha kutunza njia ndiye aliyewafukuza waliobaki.

Maana mizigo ilikuwepo. Kiwanda cha saruji cha Hima kiko jirani, barabara ya Fort Portal. Chumvi ya Katwe ipo. Pamba ya wakulima wa Nyakatonzi ilikuwepo. Hata mabaki ya Kilembe yaliyorundikwa Kasese yalikuja kuchenjuliwa kuwa kobalti kuanzia 1999, wakati huo treni haipo tena! Leo saruji inapanda malori, malori yanachimba barabara, na barabara tunaitengeneza kwa kodi zetu. (Ukikutana na msururu wa malori hayo usiku ndipo utaelewa hasira yangu.)

Ninaandika haya kwa sababu mazungumzo ya kufufua Kilembe hayaishi, na mpango wa reli mpya ya kisasa (SGR) una tawi la kufika Mpondwe, mpakani na Kongo. Nikisikia viongozi wakiitetea reli hiyo kwa madini, naingiwa na wasiwasi. Bei ya shaba hupangwa mbali na hapa, na inaweza kuanguka mkataba haujakauka wino. Mpondwe kuna wafanyabiashara wanaovuka na samaki, maharage na vitenge kila siku ya soko. Mkataba wowote wa reli ya huku useme waziwazi mabehewa ya abiria ni mangapi, ghala la mazao litajengwa wapi, na fedha za kukarabati tuta zitatoka mfuko gani mgodi ukifungwa tena.