Kisome Tena Adili na Nduguze

Ukimtajia mtu Adili na Nduguze, mara nyingi atakujibu kwa kauli ya darasani: wema huushinda uovu. Basi, kitabu kimekwisha. Jibu hilo huniuma. Hadithi hii ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952, ni kubwa kuliko funzo lake, na utamu wake hasa humfikia anayeisoma mara ya pili.

Rai, mfalme wa Ughaibu, anamtuma Ikibali aende kudai kodi kwa Adili, mtawala wa Janibu. Mgeni anakirimiwa vizuri. Usiku unapoingia, anamwona mwenyeji wake, mtu mpole mwenye sifa njema, akiwacharaza viboko manyani wawili. Akimaliza kuwapiga anawabembeleza, kisha anawalisha. Ikibali anapeleka habari kwa mfalme, na Adili anaitwa ajieleze, yeye na manyani wake.

Kwa mara ya kwanza unasoma tukio hilo kwa macho ya Ikibali. Unamwona mkatili mnafiki, na unataka ashitakiwe hata kabla hajafungua kinywa. Ndipo Adili anapoeleza kwamba manyani wale ni ndugu zake wa damu, Hasidi na Mwivu. Walipopoteza urithi wao aliwapokea na kuwasimamisha tena. Wao wakamlipa kwa kumtosa baharini. Jini Huria akamwokoa, akawageuza ndugu kuwa manyani, akamwamuru Adili awapige kila usiku.

Sasa rudi kwenye chumba kile. Mwenye kiboko ni mtu aliyekwisha kusamehe. Adhabu si yake, haitaki, ila mkono unaopiga ni wake, na kesho usiku ataanza upya. Sijui ukurasa mwingine katika riwaya zetu za zamani unaobadilika kiasi hicho bila neno hata moja kubadilishwa.

Kisa chenyewe kina asili yake katika Alfu Lela Ulela, ambako ndugu wale waligeuzwa mbwa. Shaaban Robert akachagua manyani, na nadhani alichagua vyema sana. Mbwa akipigwa utamhurumia, lakini nyani ana viganja na vidole, na ana uso unaokaribia wetu. Humpigi bila kumwona mtu ndani yake.

Najua wanaokilalamikia kitabu hiki. Wanasema mwandishi husimamisha hadithi ili ahubiri, na kwamba Adili ni mwema kupita kiasi. La mahubiri nakubali. Zipo kurasa ninazozipita haraka. Hilo la pili nalikataa. Mtu asiye na doa angechosha kweli kama angeachwa akae kitako na wema wake, lakini huyu anapewa kiboko.

Halafu kuna mji ambao wakazi wake wamegeuka mawe, na ndani yake amebaki binti mmoja aliye hai, Mwelekevu. Safari za jahazi na mali za kuuza zinazotangulia hapo zina uhakika wa mtu anayezijua bandari, nami sishangai: Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha kwa miaka mingi. Miujiza yake inaaminika kwa sababu shehena imeshaaminika.

Walimu mnaokifundisha, nawaomba muwaache vijana wabishane kidogo kabla ya kuwaandikisha dhamira. Waulizeni kama Adili angeweza kukataa. Waulizeni kuhusu Huria pia, maana ndiye ninayegombana naye kila ninapokifungua kitabu hiki. Alimtoa mtu kwenye maji akiwa karibu kufa, tena kwa nia njema kabisa, kisha akamtwika kazi ya kuwatesa ndugu zake usiku hadi usiku. Rai anapoingilia kati kuwaombea wale wawili, mimi huona kwamba wa kwanza kufunguliwa ni Adili.