Mwalimu wa Vita vya Kagera ni zaidi ya ile hotuba

Kila Oktoba 14 ikikaribia, redio na simu zetu hujaa sauti ileile: Mwalimu Nyerere akizungumza na wazee wa Dar es Salaam, Novemba 2, 1978, akisema uwezo wa kumpiga Idi Amin, rais wa Uganda, tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Hata mimi hunisisimua. Ila tukiishia hapo tunamdhulumu, maana uamuzi mgumu ulikuja makofi yalipokwisha.

Askari wa Amin walikuwa wamevamia nchi yetu huko Kagera, wameua na kubaka, wameswaga ng'ombe, wamepora kiwanda cha sukari na kulipua daraja la Kyaka. Amin akatangaza kuwa ardhi yote ya kaskazini mwa Mto Kagera ni ya Uganda. Mwalimu wa zamani wa shule ya Pugu, aliyetuongoza kupata uhuru bila vita, ikabidi apigane. Mgambo wakaitwa, jeshi likapita watu 100,000. Malori na mabasi ya watu binafsi yakachukuliwa kubeba askari.

Adui alipofurushwa, Mwalimu angeweza kusimama mpakani. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulitaka suluhu, na yeye mwenyewe alikuwa mtetezi mkubwa wa azimio la Cairo la 1964 la kuheshimu mipaka. Akavuka. Kumng'oa Amin, alisema, ni kazi ya Waganda wenyewe. Lakini Libya ilipoleta askari kumwokoa Amin, jeshi letu, JWTZ, na wapiganaji wa Uganda waliompinga Amin walisonga mbele, na Kampala ikaanguka Aprili 11, 1979. Julai ile, kwenye mkutano wa umoja huo mjini Monrovia, Numeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria wakamlaumu. Mimi nasema alifanya sawa. Amin aliyebaki na jeshi lake angerudi tu, na umoja ulionyamaza Waganda wakichinjwa kwa miaka minane haukuwa na haki ya kumfundisha mtu heshima ya mipaka.

Gharama nayo tuitaje. Masaka na Mbarara ziliharibiwa vibaya na jeshi letu, na wenyeji walioumia hawakuwa Amin. Huku nyumbani Mwalimu alituomba tufunge mkanda kwa miezi 18. Ikapita, na mama zetu wakaendelea kupanga foleni ya sabuni, sukari na unga mpaka alipong'atuka mwaka 1985. Wanaosema vita peke yake ndiyo iliyoua uchumi sikubaliani nao: mafuta yalipanda bei, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, na mashirika ya umma yalikuwa yanakula hasara. Hilo la mwisho lilikuwa mikononi mwake, na alichelewa mno kulirekebisha.

Wanafunzi wetu wapelekwe Kaboya, kule Muleba, walikozikwa askari wa vita ile. Wakisharudi darasani, wafundishwe Monrovia, Masaka na zile foleni, pamoja na hotuba.