Mama Mkwe Alivyonisukuma

Mama mkwe wangu ni Mwingereza wa Birmingham, na tangu astaafu hana kazi nyingine ila kusaka mashua aliyozaliwa babu yake. Ni zile mashua nyembamba za mizigo za mifereji ya Uingereza: urefu hufika mita 21, upana mita 2 na ushei. Kumfuatilia mtu aliyeishi kwenye mashua ni taabu, leo yuko kijiji cha Braunston, baadaye yuko London. Kilichomsaidia ni sheria ya 1877, iliyotaka mashua zinazolaza watu zisajiliwe, pamoja na idadi ya wanaoruhusiwa kulala. Daftarini akaikuta.

Tukaenda. Mama mkwe akaingia, akapapasa ukuta, akalia. Mke wangu naye akalia. Mimi ni mkwe, nikalia kuwashinda wote. Mwenye mashua akatusubiri tumalize, kisha akasema taratibu kwamba ile ni nusu ya mbele. Biashara ya kubeba mizigo ilipokufa, baadhi ya mashua zilikatwa vipande viwili, kila kipande kikaundwa kuwa mashua yake. Familia ilikuwa ikiishi nyuma. Huku mbele yalikuwa yakikaa makaa ya mawe.

Msiba ukahamia nusu ya nyuma, kwenye mfereji mwingine. Hapo ndipo balaa lilipokuwa linanisubiri.

Chumba chenyewe ni kama mita 3 kwa 2. Kushoto unapoingia kuna jiko la chuma. Mlango wa kabati moja ukiushusha ni meza, wa jingine ni kitanda cha baba na mama. Kila mahali michoro ya maua ya waridi na ngome. Watoto walijibana kwenye benchi, na sasa benchi hilo nimelikalia mimi, magoti yangu yakigusana na ya mama mkwe!

Mimi ni wa Lushoto. Nilivyolelewa, mama mkwe ukimwona anakuja, unapisha njia. Hapa nipishe wapi? Nikakazia macho ngome ukutani hadi nikajua idadi ya madirisha yake. Jiko lilikuwa limewashwa kwa ajili ya chai, jasho likanitoka, nikaomba ruhusa ya kutoka.

Ngazi ni sanduku la makaa. Nikalikanyaga, kichwa kikatoka, mabega yakatoka kwa mabishano, tumbo likagoma. Mbele sendi, nyuma sirudi, na jiko linaubabua mguu. Nikapiga kelele. Mke wangu, aliyekuwa ukingoni, akatoa simu akaanza kurekodi. Ndipo nikasikia kutoka chini, "Samahani, mwanangu," na bega la mama mkwe likatia nanga makalioni pangu.

Alisukuma yule mama! Nikatapatapa, nikadaka debe la maji lililopambwa maua juu ya paa, nikachomoka nalo. Mimi nikaangukia sitaha, debe likaenda majini. Mwenye mashua akaruka na upondo wake, akanivuka kama gogo, akaliokoa debe.

Video ikafika Lushoto kabla sijapaka dawa mguuni. Wazee wakakaa kikao bila mimi, mjomba akatoa hukumu: mama mkwe amevunjiwa heshima, alipwe doti ya kanga na mbuzi.

Mke wangu akamfafanulia mama yake. Kanga amezipokea. Kuhusu mbuzi, ameuliza kama anaruhusiwa kuchagua rangi.