Kabla ya Kulipia Kasi Zaidi, Tupime Ile Iliyokwisha Kufika

Wakazi wengi wa Kampala na vitongoji vyake, kuanzia Ntinda hadi Kira na Najjera, ambao wameingiza intaneti ya faiba nyumbani katika miaka ya karibuni, wana lalamiko linalofanana: wamelipia megabiti 50 au 100 kwa sekunde, lakini simu iliyo mkononi mwao chumbani inaonyesha 12. Jibu wanalopewa na wauzaji nalo hufanana, kwamba wapandishe kifurushi. Naamini kwa dhati kwamba ushauri huo, katika nyumba nyingi, humtoza mteja fedha kwa ajili ya tatizo ambalo fedha hizo haziligusi hata kidogo, kwa kuwa kasi aliyoilipia imekwisha kufika kwenye ukuta wa sebule yake na inapotea katika mita chache zilizobaki kati ya ukuta huo na kifaa anachokitumia.

Fedha zenyewe si za kuchezewa. Tangu Julai 2021, data ya intaneti nchini Uganda hutozwa ushuru wa asilimia 12, na bado ipo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Anayepandisha kifurushi bila sababu anapandisha pia kodi anayolipa kila mwezi kwa kitu asichokipata.

Tuanze na kile kinachoingia kutoka barabarani. Mfumo unaotumika zaidi kwenye faiba za majumbani, unaojulikana kwa jina la GPON, hupitisha takriban gigabiti 2.5 kwa sekunde kuelekea kwa wateja na gigabiti 1.25 kutoka kwao, na uzi mmoja wa kioo hugawanywa kwa vigawanyio visivyotumia umeme ili uhudumie nyumba 32 au hata 64. Kasi ya kila nyumba hupangwa kwenye mitambo ya kampuni kulingana na kifurushi. Kwa hiyo, ikiwa mwanga unafika ukiwa na nguvu ya kutosha na kampuni haijajaza wateja kupita uwezo wa njia zake, hakuna sababu ya megabiti 100 kushindwa kufika kwenye modemu, yaani kile kisanduku kinachopokea mwanga wa faiba nyumbani. Nguvu ya mwanga hupimwa kwa kipimo kiitwacho dBm, ambacho kadiri namba yake hasi inavyokuwa kubwa ndivyo mwanga unavyokuwa dhaifu, na fundi anayekuja kufunga huduma hubeba kifaa kidogo cha kuipima. Akisoma hasi 19 au hasi 22, hali ni njema. Akisoma hasi 28, laini iko ukingoni mwa uwezo wake, na sababu ni mara nyingi jambo dogo, kama vile kiunganishi chenye vumbi au uzi uliokunjwa kwa nguvu nyuma ya kabati. Uzi wa faiba haupaswi kukunjwa kwenye kona kali wala kukandamizwa na mguu wa kochi, maana mwanga huvuja pale unapopinda kupita kiasi.

Kipimo cha kwanza, na kwa maoni yangu kipimo pekee kinachostahili kutumiwa katika mabishano na kampuni, hufanywa kwa waya. Kompyuta ndogo huunganishwa kwenye modemu kwa waya wa mtandao, yaani waya wa LAN, vifaa vingine vyote huzimwa, kisha kasi hupimwa. Hapa kuna mambo machache yanayowapotosha hata watu makini. Vifurushi huuzwa kwa megabiti, ilhali kompyuta inapopakua faili mara nyingi huonyesha megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti nane. Anayeona megabaiti 12 kwa sekunde kwenye kifurushi cha megabiti 100 amepata haki yake karibu yote. Jambo la pili ni tundu la waya lenyewe. Modemu na ruta (vifaa vinavyosambaza intaneti ndani ya nyumba, ambavyo mara nyingi huwa ndani ya kisanduku kimoja na modemu) za bei nafuu bado huja na matundu ya megabiti 100, ambayo kwa matumizi halisi hutoa takriban 94, na hakuna kifurushi kitakachovuka mpaka huo. Hata pale tundu linapokuwa la gigabiti 1, waya ambao nyuzi zake nne tu kati ya nane zinafanya kazi utaishusha hadi 100 bila kumwarifu mtu yeyote. Waya wa daraja la Cat 5e wenye nyuzi zote nane unatosha kabisa kwa gigabiti 1 hadi mita 100, mradi uwe wa shaba halisi. Sokoni upo pia waya wa alumini uliopakwa shaba kwa juu, unaouzwa kwa bei ya kuvutia, nao ni wa kuepukwa.

Ikiwa kipimo cha waya ni kizuri, basi kampuni imetimiza sehemu yake ya laini, na macho yetu yanapaswa kugeukia waifai. Hapa ndipo nyumba zetu zinapotushinda. Nyumba nyingi za Kampala hujengwa kwa matofali ya kuchoma na plasta nzito, zile za ghorofa zina sakafu za zege yenye nondo ndani yake, na milango na fremu za madirisha mara nyingi ni za chuma. Waya wa faiba hutoka kwenye nguzo, hupita juu ya ukuta wa uzio, na kuingia kwenye kona iliyo karibu zaidi na barabara, na hapo hapo fundi hufunga modemu kwa sababu ndipo waya wake ulipoishia. Kisha familia huificha modemu hiyo nyuma ya televisheni au ndani ya kabati ili sebule ionekane nadhifu. Chumba cha kulala kilicho upande wa pili wa nyumba, achilia mbali vyumba vya nje ambako vijana husomea, kinapata mawimbi yaliyokwisha kupita kuta tatu au nne.

Ruta nyingi za kisasa hurusha mawimbi katika masafa mawili. Yale ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi, lakini ni membamba na yamejaa, kwa kuwa ndani yake kuna chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, ambazo wapangaji wote wa jengo wanagombania pamoja na vifaa vya bluetooth na majiko ya maikrowevu. Simu ya kawaida iliyounganishwa katika masafa hayo kwenye chaneli ya kawaida huweza kukubaliana na ruta kiwango cha megabiti 72, na katika matumizi halisi hupata nusu yake au chini zaidi, hata ikiwa imewekwa mezani kando ya ruta. Yale ya gigahezi 5 yana nafasi kubwa na kasi ya juu, ila yanadhoofishwa haraka na ukuta. Anayelipia megabiti 100 na kuacha simu yake ing'ang'anie gigahezi 2.4 hatazipata, hata aongeze kifurushi hadi 500. Ninashauri, kinyume na mpangilio unaokuja na ruta nyingi, kuyapa masafa hayo mawili majina tofauti kwenye orodha ya waifai, ili mtu ajue ameunganishwa na lipi, na kuyaacha yale ya 2.4 kwa vifaa vilivyo mbali au vya zamani.

Ruta inapaswa kuwekwa katikati ya nyumba, mahali palipo wazi na juu kidogo ya kimo cha meza, hata kama jambo hilo linahitaji kuongeza mita kumi na tano za waya wa LAN kutoka kwenye modemu. Wengi hununua badala yake kile kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye soketi ili kirudie mawimbi. Sikipendekezi. Kifaa kinachopokea na kurusha katika chaneli ile ile hupunguza kasi kwa takriban nusu, na zaidi ya hapo watu hukiweka katika chumba ambacho mawimbi yamekwisha kudhoofika, kikarudia udhaifu ule ule. Kwa nyumba kubwa, au kwa mwenye vyumba vya nje, waya mmoja unaopita darini hadi kwenye kituo cha pili cha waifai huleta manufaa ambayo hakuna kifurushi cha kila mwezi kinachoweza kuyaleta, na hulipiwa mara moja tu.

Lipo tatizo jingine ambalo halionekani kwenye namba ya kasi, nalo linawaumiza hasa wanaofanya kazi nyumbani. Jirani yangu, mwalimu wa sekondari, hufundisha wanafunzi wa ziada jioni kwa simu ya video, na sauti yake ilikuwa ikikatika kila mara ingawa kipimo kilionyesha kasi nzuri. Aliniuliza, "Ndugu yangu, niongeze hadi ngapi?" Nilimwambia, "Mwalimu, usiongeze chochote kwanza." Kilichokuwa kikitokea ni kwamba simu za watoto, zinapofika nyumbani, huanza kupakia picha na video za siku nzima kwenye hifadhi ya mtandaoni. Ruta nyingi huweka foleni ndefu ya data inayosubiri kutoka. Picha huijaza foleni hiyo, na pakiti ndogo za sauti, yaani vipande vidogo vya data, husimama nyuma yake kwa muda unaoweza kufika sekunde nzima. Tiba inajulikana. Zipo kanuni za kupanga foleni, ikiwemo ile iitwayo fq_codel, iliyochapishwa rasmi mwaka 2018 katika waraka wa kiufundi wa intaneti RFC 8290, ambazo huipa kila shughuli zamu yake ili mazungumzo ya mtu yasimezwe na faili kubwa ya mwingine. Ruta inayoziwezesha huwekewa kikomo cha takriban asilimia 90 ya kasi iliyopimwa kwa waya, kupakua na kupakia, ili foleni ijengeke ndani ya ruta inayojua kuipanga. Mteja hupoteza kiasi kidogo cha kasi na kupata nyumba ambayo watu wote wanaweza kuzungumza kwa wakati mmoja. Ninaona ni biashara nzuri, na nasikitika kwamba ruta nyingi zinazotolewa na kampuni hazina uwezo huo, au zinao lakini umefichwa mteja asiufikie.

Umbali nao una neno lake. Uganda haina bahari, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya data yetu ya kimataifa imepita nchi kavu zaidi ya kilomita 1,000 hadi Mombasa, ambako mikongo ya baharini ya SEACOM na TEAMS ilianza kazi mwaka 2009, ikafuatiwa na EASSy mwaka 2010. Mwanga ndani ya kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo safari ya kwenda Ulaya na kurudi huzidi milisekunde 100 hata mitambo yote ikiwa mizima. Kwa umbali wa milisekunde 160, programu ya zamani inayopokea kilobaiti 64 tu kwa mkupuo kabla ya kuthibitisha haitazidi megabiti 3 na kidogo kwa sekunde, hata laini ya nyumbani ikiwa ya megabiti 1,000. Mifumo ya kisasa imeondoa kikomo hicho, lakini bado upakuaji mmoja kutoka mbali huathirika mno pakiti chache zinapopotea njiani, na waifai dhaifu ni hodari wa kuzipoteza. Ndiyo maana kipimo cha seva (kompyuta ya mtandaoni inayotumiwa kupimia kasi) iliyo Kampala kinaweza kusoma 95 huku faili moja kutoka Ufaransa ikijikokota.

VPN, yaani programu inayopitisha data ya mtu kwenye seva ya mbali ili kukwepa vizuizi, huzidisha umbali huo. Wengi wetu tuliizoea tangu kodi ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii ilipoanza mwaka 2018, na zaidi tangu Facebook ilipofungwa Januari 2021, na watu wengi huiacha ikiwa imewashwa usiku na mchana. Matokeo yake ni kwamba hata data ambayo ingebadilishwa hapa hapa mjini, kupitia UIXP, kituo ambamo kampuni za intaneti hubadilishana data, kilichoanza kazi Kampala mwaka 2001, hupelekwa Uholanzi au Marekani na kurudishwa. Anayeihitaji aitumie, ila aiwashe kwa programu inayoihitaji pekee, na aizime kabisa kabla ya kupima kasi.

Sisemi haya ili kuzisafisha kampuni. Zipo laini zinazotoa kasi kamili saa nne asubuhi na robo yake saa mbili usiku, na hilo ni jambo la kampuni kuuza zaidi ya inavyoweza kubeba, wala hakuna ruta ya mteja inayoweza kulitibu. Lakini mteja anayepima kwa simu, kwenye waifai, chumbani, hana ushahidi wowote wa kulithibitisha, na kila mara ataambiwa kwamba kosa ni la nyumba yake.

Kwa hiyo ninachodai ni hiki: fundi asiruhusiwe kuondoka kabla ya kupima mbele ya mwenye nyumba na kumwachia karatasi yenye namba tatu, yaani nguvu ya mwanga kwa dBm, kasi ya kupakua na kupakia kwa waya, na kasi ya waifai katika chumba ambacho familia inakitumia zaidi. Ikiwa namba ya tatu iko chini sana ya ile ya pili, amweleze mteja palepale ni wapi ruta ihamishiwe na waya kiasi gani unahitajika. Tume ya Mawasiliano ya Uganda ingeweza kuliweka sharti hili kwa kampuni zote, na gharama yake ni dakika chache za fundi. Mpaka litakapowekwa, mteja anaweza kujiandikia mwenyewe vipimo vya waya vya asubuhi na vya usiku kwa wiki moja, pamoja na tarehe, saa na seva aliyoitumia, akavipeleka kwanza kwa kampuni kwa maandishi, na asiporidhika akavifikisha kwa Tume pamoja na nakala ya majibu aliyopewa.