Mfereji wa Erie Ulikuwa Mpya, na Mandhari Zetu za Kidijitali Zionyeshe Hivyo

Ninapofungua mandhari ya kidijitali inayodai kuonyesha safari za mwanzo katika Mfereji wa Erie, jimboni New York, macho yangu hutafuta kwanza visiki vya miti. Mara nyingi sivioni. Ninachokutana nacho ni maji yaliyotulia chini ya matawi makubwa, kuta za mawe zilizoota kuvu, daraja la mbao lililopauka kwa jua na mvua, na boti inayopita humo taratibu kana kwamba mfereji umekuwepo tangu enzi za mababu. Picha hizo hupendeza, na baadhi yake zimetengenezwa na watu wenye ustadi mkubwa. Hata hivyo nashikilia kwamba zinakosea katika jambo lililo kuu kuliko yote, nalo ni kwamba mfereji huo ulikuwa mpya.

Kazi ya kuuchimba ilianza karibu na mji wa Rome, jimboni humo, tarehe 4 Julai 1817 na kukamilika mwezi Oktoba 1825, na siku chache baadaye gavana DeWitt Clinton, aliyekuwa amesafiri kwa boti kutoka Buffalo, alimimina maji ya Ziwa Erie katika bandari ya New York. Kilomita 584 kati ya Albany na Buffalo zilikuwa zimechimbwa kwa majembe, sururu, baruti na nguvu za wanyama. Abiria wa mwaka huo alipita kati ya matuta ya udongo ambayo majani yalikuwa hayajayashika vizuri, akaona mawe ambayo alama za patasi zilikuwa bado kali, mbao zenye rangi ya mbao, na pande zote mbili msitu uliofyekwa si muda mrefu. Mahali ambapo tuta lilizuia maji ya vijito na vinamasi, miti ilikufa ikiwa imesimama, ikabaki mikavu na myeupe ndani ya maji. Mtengenezaji anayetaka uhalisia wa kihistoria anapaswa kuanza na ardhi hiyo iliyojeruhiwa, kisha aweke boti juu yake.

Sehemu ya lawama naiweka kwenye zana tunazotumia. Anayefanya kazi kwa Blender, programu ya kuunda mandhari ya pande tatu kwenye kompyuta, au nyingine ya aina hiyo huchukua mawe, miti na mbao kutoka maktaba za vitu vilivyokwisha tengenezwa, na vingi vya vitu hivyo vilipigwa picha kwenye majengo ya kale, kwa hiyo huja vikiwa vimezeeka tayari. Uchakavu umekuwa njia rahisi ya kumwambia mtazamaji kwamba hii ni historia. Lakini mikwaruzo ya kamba kwenye kona za daraja huhitaji miaka mingi ya kamba kupita hapohapo, na mtu anayeiweka kwenye daraja la mwaka 1825 amechora matokeo ya safari ambazo zilikuwa bado hazijafanyika.

Kamba yenyewe inastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa ndiyo iliyoamua sura ya mfereji mzima. Farasi walitembea kwenye njia yao juu ya tuta la upande mmoja, na kamba ndefu ilitoka kwao ikikatiza kwa mshazari hadi ubavuni mwa boti. Haikunyooka kama mstari wa rula. Ilining'inia kidogo katikati kwa uzito wake, ikigusa maji farasi walipolegea na kuruka juu ikidondosha matone walipovuta tena. Kwa sababu ya kamba hiyo, hapakuwa na mti, kichaka wala nguzo iliyoweza kusimama kati ya njia ya farasi na maji, maana ingenasa mara ya kwanza tu. Matawi yale yanayoinama kwa uzuri juu ya mfereji, yakiwa upande wa farasi, hayawezekani kabisa. Boti mbili zilipokutana, moja ililegeza kamba yake ikazama chini, na nyingine ikapita juu yake. Mandhari inayoonyesha boti zikipishana huku kamba zote mbili zimekazwa inaonyesha jambo ambalo lingeishia kwa farasi kuburutwa majini.

Hata mwendo hufuata mantiki hiyohiyo. Boti za abiria, zilizovutwa kwa kawaida na farasi watatu, hazikuruhusiwa kuzidi takriban kilomita 6 kwa saa, kwa kuwa mawimbi ya mwendo wa kasi yangekula kingo za udongo. Katika video nyingi za kidijitali naona boti ikikata maji na kuacha mkia mrefu wa povu nyuma yake, kama boti ya injini ziwani. Maji ya mfereji wa Erie yalikuwa ya rangi ya tope, yalisogea kidogo mno, na boti iliyapita karibu bila kelele, isipokuwa kwato, sauti ya mwendesha farasi, na tarumbeta iliyopulizwa kumwamsha mlinzi wa malango ya maji.

Kosa la pili kwa ukubwa ni la vipimo, na chanzo chake ni picha za kamera. Mbinu ya kwanza ya upigaji picha ilitangazwa hadharani mwaka 1839, wakati upanuzi wa mfereji ulikuwa umeanza tangu 1836. Ulipokamilika mwaka 1862, upana wa maji ulikuwa umetoka mita 12 hadi kama mita 21, na kina kutoka mita 1.2 hadi zaidi ya mita 2. Picha za kamera tunazoziona leo kwa wingi ni za mfereji huo uliopanuliwa. Anayezifuata huchora mto mpana wenye mashua kubwa, ilhali mfereji wa Clinton ulikuwa mtaro mwembamba ambao sehemu ya chini kabisa ilikuwa na upana wa mita 8.5 tu, na vyumba vya maji vya kupandishia boti vilikuwa na urefu wa mita 27 na upana wa mita 4.6. Abiria waliokaa juu ya paa walilazimika kuinama, na pengine kulala kifudifudi, kila walipofika kwenye madaraja ya chini yaliyojengwa kwa ajili ya wakulima ambao mashamba yao yalikatwa na mfereji. Ufinyu huo usipohisika, safari yenyewe haijachorwa.

Rochester ndiyo mahali ambapo kosa hili huonekana wazi. Daraja la maji, yaani daraja lililobeba mfereji juu ya mto Genesee, lile ambalo wageni hulipiga picha hadi leo, ni la pili, lililokamilika mwaka 1842. La kwanza lilikamilika mwaka 1823, lilikuwa na urefu wa takriban mita 244, lilivuja, na lilikuwa jembamba kiasi kwamba boti mbili hazikuweza kupishana juu yake.

Basi tufuate nini? Mimi nampa nafasi ya kwanza Basil Hall, nahodha wa Kiskoti aliyepita New York kati ya 1827 na 1828 akiwa na kamera lusida, kifaa chenye mche wa kioo kinachomwezesha mchoraji kufuatisha kwa penseli kile anachokiona mbele yake. Michoro yake ni mikavu, haina uzuri wa kinjozi, na imejaa visiki na miti iliyokufa. Kwa anayetaka kujenga mandhari, ukavu huo una thamani kubwa, kwani uwiano wa vitu unaweza kupimwa. Michoro ya George Catlin ya mwaka 1825 inayoonyesha mwamba ukikatwa katika mji wa Lockport ili mfereji upite, na winchi za mbao zikiinua mawe kutoka kwenye mtaro, ni hazina kwa anayetaka kuonyesha ujenzi. Rangi za maji za John William Hill za miaka michache baadaye ni nzuri mno, nami huzitumia kwa rangi ya anga na mavazi, ila kwa umbo la ardhi huzitumia kwa tahadhari, kwani Hill alipenda utulivu.

Data za kisasa za mwinuko wa ardhi nazo zina mtego wake. Ukizipakua na kuzitumia zilivyo, unapata ardhi iliyokwisha kuchimbwa tena kwa ajili ya mfereji mkubwa uliofunguliwa mwaka 1918, na katikati ya Syracuse unapata barabara mahali palipokuwa na maji. Schoharie Crossing, karibu na Fort Hunter, ni mojawapo ya sehemu chache ambako mabaki ya mtaro wa kwanza bado yanaonekana, na ningeshauri vipimo vyote vya kingo vianzie hapo. Kuhusu majira, wapenzi wa theluji wafahamu kwamba mfereji ulifungwa wakati wa baridi. Boti inayoelea mwezi Januari ni kosa.

Limebaki suala la watu, ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Upya wa mfereji huo ulikuwa na gharama. Ulipita katika nchi ya Wahaudenosaunee, muungano wa mataifa ya wenyeji asilia, ambao sehemu kubwa ya ardhi yao ilikuwa imechukuliwa kupitia mikataba na mauzo katika kizazi kimoja tu kilichotangulia, na mwaka 1825 Waseneca, mojawapo ya mataifa hayo, walikuwa bado wanaishi Buffalo Creek, jirani kabisa na mwisho wa mfereji. Kuijaza nchi hiyo misitu isiyo na mtu ni kuwaondoa mara ya pili. Vilevile, utumwa katika jimbo la New York ulikoma kisheria tarehe 4 Julai 1827. Mwanamke Mweusi anayesimama gatini Albany katika mandhari ya mwaka 1826 anaweza kuwa huru au mtumwa, na mtengenezaji anawajibika kuamua, na kuandika alichoamua katika maelezo ya kazi yake, kwa sababu mavazi yake, anachokibeba, na kama anaweza kupanda boti ile kwa hiari yake, vyote vinafuata uamuzi huo.