Allana Slater na zile sentimita 5

Ukiuliza ni Mwaustralia gani aliyefanya makubwa kwenye jimnastiki, wengi watakutajia Lauren Mitchell, bingwa wa dunia wa sakafuni, Rotterdam 2010. Sibishi. Ila mimi namtaja Allana Slater wa Perth, na sababu yangu haihusiani na medali.

Septemba 21, 2000, Sydney, fainali ya Olimpiki ya wanawake, vifaa vyote vinne. Slater ana miaka 16 na anacheza kwao. Raundi mbili zimekwisha, wasichana 18 wamesharuka kwenye farasi, kifaa cha kurukia kwa kuegemeza mikono, kama kilivyoitwa kabla hakijabadilishwa kuwa meza mwaka uliofuata. Na mambo ni ya ajabu. Svetlana Khorkina wa Urusi, aliyetazamiwa kushinda, ametua kwa magoti. Mmarekani Elise Ray ameanguka. Mwingereza Annika Reeder ameumia kifundo cha mguu, ametolewa.

Slater anafika, anakitazama kifaa, anakiona kimekaa chini. Yeye na kocha wake wanawaambia wasimamizi. Kupimwa, kumbe ni sentimita 120 badala ya 125!

Sentimita 5 ni kama vidole vitatu tu. Fundi cherehani akikupunguzia gauni kiasi hicho, huenda usigundue. Lakini huyu anakuja mbio, anakanyaga ubao wa springi, anageuka hewani huku mikono ikitafuta mahali ilipopazoea tangu utotoni. Haipakuti.

Walioathirika waliambiwa wanaweza kurudia. Khorkina angerudia nini, wakati alishakwenda kwenye vyuma, zile fito mbili za kubembea, akili ikiwa imevurugika, akaanguka na huko?

Kinachonisumbua ni wale 18. Simlaumu hata mmoja. Msichana aliyelelewa kwenye mchezo ambao kila ukianguka kosa ni lako, akianguka atajikagua mwenyewe kwanza. Kifaa hakimjii akilini. Mwaka 2021 Tume ya Haki za Binadamu ya Australia ilitoa ripoti kuhusu jimnastiki ya nchi hiyohiyo, na yaliyomo yanaumiza: unyanyasaji, watoto kusimangwa kwa maumbile yao, sauti zao kutosikilizwa. Funika kombe mwanaharamu apite, miaka nenda miaka rudi. Ndani ya mchezo wa namna hiyo, binti wa miaka 16 kusimama mbele ya maofisa na kuwaambia kifaa chenu kina kasoro, kwangu hilo ni zito kuliko mruko wowote.

Baadaye alipata yake: shaba ya timu ya ubingwa wa dunia, Anaheim 2003, ya kwanza kwa timu ya wanawake ya Australia, kisha akashiriki Olimpiki ya Athens 2004. Lakini mimi hunirudia usiku ule wa Sydney. Kifaa wameshakiinua, ukumbi mzima unamtazama Slater, na baada ya purukushani zote hizo bado ilimbidi naye akimbie, aruke.