Simu Yenye Miguu Yangu

Fomu ya kuomba masta ilitaka kazi zote nilizowahi kufanya, hata za siku chache. Nikaandika zote isipokuwa moja: wiki tatu za kuvaa simu.

Mwezi wa tano 2021 kampuni moja ilitafuta kijana mrefu mwenye pumzi, asimame pale Rond-point ya Chukudu, Goma, ndani ya simu kubwa ya sponji, acheze na kuwapungia motari wa pikipiki. Dola tano kwa siku. Diploma ninayo, dola sina, nikaingia. Mle ndani joto ni la tanuri la mkate, na zipu iko mgongoni. Bila mwenzangu wa kugawa vikaratasi, sitoki.

Jumamosi tarehe 22, giza likiingia, mbingu upande wa volkano ya Nyiragongo ikawa nyekundu. Mtu wa Goma aliyeona mlipuko wa 2002 haulizi wekundu ule ni wa nini. Mwenzangu alitupa vikaratasi akatimka. Na zipu yangu je? Hata hakugeuka.

Nikakimbilia mpaka wa Gisenyi nikiwa simu. Watu wamebeba magodoro, masufuria, watoto, mbuzi; mimi natembea kama bata, sponji inanibana magotini. Na hofu yote ile, midomo haikulala. "We simu, kuna rezo huko, mtandao unashika?" Mama mmoja mzee akanishika ubavu: "Mwanangu, mpigie Mungu, mwambie tunakuja." Mpakani askari alinitafuta uso, akaukosa, akanipungia nipite. Zipu ilifunguliwa Rwanda, usiku wa manane, na baba mmoja aliyecheka hadi akaketi chini.

Sasa mimi nataka kusomea majanga ya volkano, Ubelgiji. Kazi kama hiyo naiandikaje? Kwenye pengo la mwezi ule nikaweka: "Kufuatilia mwenendo wa umati wakati wa dharura." Niliisoma mara mbili, nikajipenda.

Siku ya mahojiano kwa video, mama yuko nyuma yangu anachambua sombe. Profesa akaanza na pengo lile lile.

"Ulifuatilia ukiwa wapi?"

"Katikati ya umati, profesa."

"Vizuri sana. Basi utanisaidia." Akafungua picha kwenye skrini: usiku, barabara ya mpakani, magodoro juu ya vichwa, na katikati yake simu ndefu ya manjano imeinamia mbele. "Miaka yote hii tunajiuliza, hii ni nini?"

Nikakohoa. Nikasema picha haionekani vizuri, labda ni kabati. Mama akaacha sombe, akasogeza uso hadi kwenye kamera.

"Kabati gani? Miguu hiyo ni ya marehemu baba yake! Ni huyu huyu!"

Profesa alizima kamera kwa muda. Sauti alisahau kuizima, tukamsikia.

Aliporudi, macho yakiwa mekundu, akaniomba nirekebishe fomu palepale. Mwajiri, nikajaza. Muda, nikajaza. Kwenye cheo nikakaa dakika nzima, kisha nikaandika: Simu.